Kukagua na Kubadilisha Mkanda wa Injini Uliochakaa kwenye Gari-Nyumba

Gari-nyumba husimama muda mrefu kuliko linavyotembea, na tabia hiyo ndiyo inayoua mikanda yake. Mkanda wa gari la kazi huchakaa kwa kilomita, lakini wa gari-nyumba huchakaa pia kwa miaka: mpira hukauka kwa joto la injini iliyofungiwa kwenye nafasi finyu, hukaa miezi kadhaa ukiwa umepinda mahali palepale juu ya puli zilezile, na wakati huohuo kutu huota kwenye mifereji ya puli, hata siku ya safari ya kwanza mifereji hiyo ikausugua mkanda kama msasa. Mwenye gari akitazama mita na kuona kilomita 20,000 tu tangu mkanda ufungwe, huamini kwamba bado ni mpya, kumbe mpira wenyewe una umri wa miaka minane. Ndiyo maana jambo la kwanza ninalomwomba kila mwenye gari la namna hii ni kuandika tarehe na kilomita za siku ya kufunga mkanda, kwa wino usiofutika, mahali panapoonekana kila mfuniko wa injini unapofunguliwa.

Mkanda unaozungumziwa hapa ni ule wa nje, unaoonekana mbele ya injini, ambao mafundi wengi bado wanauita fenibelti hata pale ambapo feni inazungushwa na mota ya umeme. Huchukua nguvu kwenye puli ya shafti ya krenki, yaani shafti kuu inayozungushwa na injini, na kuigawa kwa altaneta, pampu ya usukani, kompresa ya kiyoyozi na, katika injini nyingi, pampu ya maji. Usichanganywe na mkanda wa taimingi unaoendesha valvu za injini, ambao umefichwa ndani ya kifuniko chake na una ratiba yake na hatari zake.

Mkanda huu wa nje ukikatika safarini, taa nyekundu ya betri huwaka, usukani huwa mzito ghafla, na kama pampu ya maji ilikuwa inategemea mkanda huo, joto la injini hupanda ndani ya dakika chache na gari halina budi kusimamishwa mara moja. Katika baadhi ya magari-nyumba mazito kuna jambo la kutisha zaidi: nguvu ya kusaidia breki hutoka kwenye pampu hiyohiyo ya usukani, na mkanda ukikatika hubaki akiba ya kukanyaga breki mara chache tu kabla pedali haijawa ngumu kama jiwe. Gari la tani kadhaa kwenye mteremko, na familia nzima ndani yake, si mahali pa kugundua hilo. Kwa hiyo mlio mdogo wa asubuhi usipuuzwe kwa kuwa tu unanyamaza injini ikipata joto.

Yafaa pia kuelewa kwa nini altaneta ya gari-nyumba huutesa mkanda kuliko ya gari dogo. Inachaji betri ya kuwashia injini pamoja na betri za makazi, zile zinazoendesha friji, taa na pampu ya maji ya ndani. Baada ya usiku mzima wa matumizi, betri hizo huamka na kiu, na injini inapowashwa altaneta hulazimika kutoa karibu uwezo wake wote. Altaneta inayotoa ampea 150 kwa volti 14 inatoa kilowati 2.1 za umeme, na kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu hupotea kama joto, mkanda unabeba zaidi ya kilowati 3 kupitia puli ndogo kuliko zote, inayozunguka takriban mara mbili na nusu hadi mara tatu ya kasi ya krenki. Hapo ndipo mkanda huanza kuteleza. Waliobadilisha betri za makazi na kuweka za lithiamu wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa betri hizo hupokea mkondo mkubwa kwa muda mrefu bila kupunguza.

Kabla ya kugusa chochote

Egesha gari mahali tambarare na pagumu, funga breki ya mkono, zuia magurudumu mbele na nyuma, kisha ufunguo uutie mfukoni mwako mwenyewe. Acha injini ipoe kabisa. Tenganisha ncha hasi ya betri ya injini na ya betri za makazi pia, kwa sababu katika magari mengi betri hizo huunganishwa na swichi inayojiendesha, na kuondoa waya mmoja hakuhakikishi kwamba waya mnene wa altaneta umekufa. Zima jenereta inayojiwasha yenyewe, chomoa umeme wa nje, na kumbuka kwamba feni ya umeme inaweza kuzunguka hata swichi ikiwa imezimwa. Vua pete, saa na mkufu.

Kama kazi itakulazimu kulala chini ya gari, tafadhali zingatia hili kuliko lolote jingine katika mwongozo huu: jeki za kusawazisha gari kambini hazikutengenezwa kushikilia gari juu ya mwili wa mtu, na magari yenye sasipensheni ya mifuko ya hewa hushuka pole pole au ghafla hewa inapovuja. Weka stendi imara chini ya fremu, zenye uwezo unaolingana na uzito wa gari, au usiingie.

Njia ya kuifikia injini hutofautiana sana. Katika magari yaliyojengwa juu ya gari la mizigo la kawaida, boneti hufunguliwa na huenda ukahitaji kuondoa boksi la kichujio cha hewa. Katika yale makubwa yenye injini ya mbele, kuna kifuniko kikubwa kati ya kiti cha dereva na cha abiria. Yale yenye injini ya dizeli nyuma hufikiwa kupitia sakafu iliyo chini ya kitanda au kabati, au kupitia mlango wa nyuma. Na kama rejeta nayo iko nyuma, mkanda utakuwa kwenye mwanya finyu kati ya feni na injini. Hapo weka kipande cha kadibodi kigumu mbele ya rejeta kabla ya kuingiza spana, kwa kuwa mapezi yake hupinda kwa kuguswa tu, na spana ikiteleza yaweza kuitoboa.

Kusikiliza na kutazama

Ukaguzi mzuri huanza injini ikiwa baridi, na hapa betri zitakuwa bado zimeunganishwa. Mwombe mtu awashe injini huku wewe ukisimama kando, mbali na mstari wa mkanda, kwa kuwa mkanda ukikatika hurushwa upande huo. Kisha awashe taa kubwa na kiyoyozi, na azungushe usukani hadi karibu na mwisho kwa sekunde chache. Mlio mrefu wa kukwaruza unaotokea mzigo unapoongezeka ni dalili ya mkanda kuteleza. Mlio mfupi unaojirudia kama wa ndege, unaoharakisha kadiri injini inavyoharakisha, mara nyingi husema kwamba puli moja haijakaa kwenye mstari mmoja na nyingine.

Kuna jaribio rahisi la kuzitofautisha sauti hizo mbili. Ukiwa umesimama mbali vya kutosha, nyunyizia maji machache upande wa mbavu wa mkanda, yaani ile miinuko ya mpira inayofuata urefu wake na kuingia kwenye mifereji ya puli, kwa chupa ya kunyunyizia. Mlio ukinyamaza kwa muda kisha ukarudi, tazama mpangilio wa puli. Mlio ukizidi, tatizo ni ulegevu au mkanda uliochakaa. Usinyunyizie dawa za kunatisha mkanda wala mafuta ya kulainisha vyuma: huficha mlio kwa siku mbili tatu, hunasa vumbi, na mafuta huulainisha mpira mpaka ukavimba. Nimeona mikanda mingi iliyouawa na dawa hizo kuliko iliyotibiwa nazo.

Multimita nayo itasema neno lake. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu volti 12.6; injini ikiwa inanguruma, kipimo kwa kawaida huwa kati ya 13.8 na 14.5. Kikishuka sana pale mzigo unapoongezwa, na mlio ukasikika wakati huohuo, basi mkanda unateleza kwenye altaneta. Kushuka kwa volti bila mlio si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa magari ya kisasa hupunguza volti kwa makusudi ili kuokoa mafuta, na magari mengine makubwa hutumia mfumo wa volti 24.

Sasa zima injini, tenganisha betri, na utazame. Piga alama ya chaki mgongoni mwa mkanda, uzungushe krenki kwa spana ya boksi, na ukague mzingo wote mpaka alama irudi. Ufa mmoja mbaya waweza kuwa umejificha nyuma ya puli. Pale ambapo macho hayafiki, ingiza simu na upige picha kwa mwanga wake.

Hapa pana kosa linalowapotosha wengi. Mikanda ya zamani ilitengenezwa kwa mpira wa neoprini, ambao hupasuka ukizeeka, na kanuni iliyozoeleka ni kwamba ukiona nyufa tatu au zaidi ndani ya milimita 25 za ubavu mmoja, mkanda umekwisha. Mikanda mingi ya sasa imetengenezwa kwa aina nyingine ya mpira, iitwayo EPDM, ambayo huweza kukaa miaka mingi bila ufa hata mmoja. Yenyewe huisha kama tairi: mpira wa mbavu hulika kidogo kidogo, mfereji kati ya mbavu hupanuka na kuwa na umbo la U badala ya V, mkanda huzama zaidi ndani ya puli, na mwishowe ncha za chuma za puli hugusa sakafu ya mfereji, mbavu zisibane tena. Mkanda wa namna hiyo huonekana mzima kabisa kwa mtu anayetafuta nyufa. Tumia kipimo kidogo cha plastiki kinachotolewa kwa kazi hiyo, au uuweke kando ya mkanda mpya na kulinganisha kina cha mifereji kwa kidole.

Dalili nyingine hazihitaji kipimo. Mbavu zinazong'aa kama kioo zimeungua kwa kuteleza. Pindo lililochanika nyuzi linasugua kitu au linaendeshwa na puli iliyopinda. Vipande vya mbavu vilivyonyofoka, au vidonge vya mpira vilivyojaa mfereji, vinatosha kuuhukumu mkanda. Mkanda laini, uliovimba na wenye harufu ya mafuta au ya maji ya rejeta haupaswi kubadilishwa peke yake, kwa maana mpya utalowa vilevile ndani ya mwezi mmoja. Tafuta kwanza panapovuja. Katika gari lililoegeshwa msimu mzima, tazama pia alama za meno ya panya.

Puli na kikazio

Mkanda mara nyingi ni mgonjwa tu, na ugonjwa wenyewe uko kwenye vitu unavyovipitia. Mkanda ukishatolewa, kwa hatua zilizoelezwa chini kwenye sehemu ya Kubadilisha, usikimbilie kufunga mpya. Zungusha kila puli kwa mkono: beringi nzima huzunguka kimya na laini, beringi iliyochoka hukwaruza, hucheza kushoto na kulia, au huzunguka bure kwa muda mrefu kama gurudumu la baiskeli kwa sababu grisi yake imekauka. Shika puli ya pampu ya maji na ujaribu kuitikisa. Ikicheza, au ukiona alama za maji yaliyokauka chini yake, badilisha pampu sasa, kwa kuwa mkanda uko nje tayari.

Kikazio, ambacho mafundi wengi hukiita tensheni, ni mkono wenye springi unaouweka mkanda katika mkazo mmoja wakati wote. Springi huchoka kwa umri. Usukume mkono huo kwa wenzo katika mwendo wake wote: usogee kwa ulaini, bila kukwama wala kuruka, na urudi kwa nguvu. Vikazio vingi vina alama inayoonyesha eneo la kawaida, na mkono uliovuka alama hiyo unasema kwamba mkanda umerefuka au si wa saizi yake. Kama mkono ulikuwa unatetemeka sana injini ikinguruma, huenda kikazio kimekwisha, au puli ya altaneta ni ya aina inayozunguka upande mmoja tu na imekwama. Puli hiyo hupatikana katika magari mengi ya dizeli ambayo juu yake hujengwa magari-nyumba. Injini ikiwa imezimwa na mkanda ukiwa nje, puli nzima ya aina hiyo hukamata shafti ya altaneta ikizungushwa upande mmoja na kuteleza bure ikizungushwa upande wa pili. Mimi sifungi mkanda mpya juu ya kikazio kilichotumika miaka kumi, hata kama bado kinasukuma.

Weka rula ndefu iliyonyooka kwenye nyuso za puli mbili jirani ili kuona kama zimo katika mstari mmoja. Sugua kutu kwenye mifereji kwa brashi ya waya, kisha futa vumbi lote.

Kupata mkanda sahihi

Usinunue kwa kutaja jina la gari-nyumba. Mjenzi wa nyumba siye aliyetengeneza injini, na magari mawili ya mwaka mmoja huweza kuwa na mikanda tofauti kwa sababu moja lilifungwa altaneta kubwa zaidi au kompresa ya pili. Tumia namba ya injini au ya chasisi, na juu ya yote soma namba iliyo mgongoni mwa mkanda wa zamani. Namba kama 6PK1710 ina maana ya mbavu 6, umbo la mbavu la aina ya PK, na urefu wa milimita 1710. Katika mtindo wa Marekani, K060675 ni mbavu 6 na urefu wa inchi 67.5. Mikanda ya umbo la V huandikwa kwa upana na urefu, kwa mfano 13x1000. Kama namba imefutika, usipime mkanda wa zamani na kuuamini, kwa kuwa huenda umerefuka. Linganisha na orodha ya injini. Nunua miwili.

Kubadilisha

Kabla ya kulegeza chochote, piga picha ya njia ya mkanda kutoka pande mbili na uichore kwenye karatasi, ukiweka alama pale mgongo unapogusa puli na pale mbavu zinapogusa. Injini nyingi zina kibandiko cha mchoro huo, lakini katika gari-nyumba kibandiko mara nyingi kimefunikwa na bomba au kiliachwa kwenye boneti ambayo mjenzi hakuitumia. Dakika tano za kuchora huokoa saa mbili za kubahatisha.

Ingiza wenzo mrefu kwenye tundu la mraba la kikazio, au spana kwenye kichwa cha bolti ya puli yake, kutegemea muundo. Sukuma pole pole upande unaoulegeza mkanda. Ukiona bolti inazunguka badala ya mkono kusogea, acha mara moja, kwa kuwa umeshika bolti isiyo yake au unasukuma upande usiofaa. Vikazio vingine vina tundu la kupitisha pini ya kuvishikilia vikiwa vimelegea, itumie. Vua mkanda kwenye puli iliyo karibu nawe, kisha urudishe mkono wa kikazio taratibu. Usiuachie ukaruka, kwa maana springi yake inaweza kuvunja vidole na kujivunja yenyewe.

Pitisha mkanda mpya kwa kufuata mchoro, ukianzia kwenye puli ya krenki na zile zilizo mbali, na uache mwisho puli laini isiyo na mifereji iliyo rahisi kufikiwa. Legeza kikazio, sukumia mkanda mahali pake kwa vidole, si kwa bisibisi, kisha achia taratibu. Hapa pana hatua ambayo nakusihi usiiruke: pitia kila puli kwa macho, na zile zisizoonekana kwa ncha za vidole, uhakikishe kwamba kila ubavu umekaa kwenye mfereji wake. Niliwahi kufunga mkanda uliopanda ubavu mmoja nje ya puli ya kompresa, mahali ambapo mkono ulifika lakini jicho halikufika, na sikuugusa kwa kuwa nilikuwa na haraka. Ulichanika kabla sijatoka uwanjani. Ukimaliza kukagua, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, katika mwelekeo wa kawaida wa injini, kisha ukague tena.

Injini nyingine zina mkanda wa mpira unaovutika, usio na kikazio kabisa. Huo hukatwa kwa kisu ukitolewa, haurudishwi, na mpya hupandishwa kwa kifaa maalumu huku krenki ikizungushwa kwa mkono. Kuupandisha kwa bisibisi huharibu nyuzi za ndani bila kuacha alama nje.

Kwa mikanda ya V, ambayo bado imo katika magari-nyumba mengi ya zamani, mkazo huwekwa kwa kusogeza altaneta kwenye bolti zake. Pale ambapo kitabu cha injini hakipo, kanuni ya kawaida ni kwamba mkanda ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati ya nafasi ya sentimita 30 hadi 40 baina ya puli mbili, ushuke takriban milimita 10 hadi 12. Ukikazwa kupita kiasi hautateleza, lakini utamaliza beringi za altaneta na pampu ya maji, na gharama yake ni kubwa kuliko ya mkanda. Mikanda miwili inayokwenda sambamba kwenye puli moja ibadilishwe yote kwa pamoja, ya aina na urefu uleule, la sivyo mpya utabeba mzigo wote. Baada ya injini kunguruma robo saa, izime na ukaze tena, kwa kuwa mkanda mpya wa V hukaa ndani ya puli na kulegea.

Ondoa kila kifaa na kadibodi, unganisha betri, kisha washa injini kwa sekunde chache tu na kuizima. Tazama mkanda. Ukiwa umetulia, washa tena, ongeza mzigo kama ulivyofanya wakati wa ukaguzi, na hakikisha taa ya betri imezimika, usukani ni mwepesi na joto halipandi. Rudia kuutazama baada ya kilomita 50 za kwanza, na tena kabla ya kila safari ndefu.

Ule mkanda wa pili uwekwe ndani ya gari, katika mfuko usiopitisha mwanga, ukiwa umekunjwa kwa duara pana bila kubanwa na mizigo, mbali na mafuta na joto. Pamoja nao weka nakala ya mchoro na wenzo uleule uliotoshea kikazio, kwa kuwa wengi hubeba mkanda wa akiba na kugundua kando ya barabara kwamba hawana cha kuulegezea kikazio. Nao pia uandikwe tarehe, kwani huzeeka hata ukiwa mfukoni, japo polepole.